Wakili wa uhamiaji Uingereza: maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu maombi, kukataliwa na kurudishwa

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Kazi yangu ni kukaa katikati: upande huu mtu aliyetoka Tanga, Lamu, Bujumbura au Bukavu, upande ule wakili wa Kiingereza aliyetenga saa moja tu. Mimi si wakili, na sheria nitakayoitaja sasa hivi hainiruhusu kukushauri juu ya kesi yako. Ninachoweza ni kukuonyesha milango iko wapi na ipi hufungwa lini. Mengi ya humu ni ya England na Wales.

Kuna kaka pale mtaani anawajazia watu fomu, na ni hodari. Kwani lazima wakili?

Lazima awe na ruhusa. Tangu sheria ya uhamiaji na hifadhi ya 1999, kumshauri mtu juu ya uhamiaji bila ruhusa ni kosa la jinai, hata kama hukumlipa senti, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2. Wanaoruhusiwa ni mawakili walio chini ya vyombo vyao vya sheria, na washauri walioandikishwa na Immigration Advice Authority. Chombo hiki kabla ya Januari 2025 kilikuwa kikiitwa OISC, ndiyo maana barua za zamani bado zina jina hilo.

Najua kaka huyo ni mtu wa kwetu, anapokea simu usiku, na hasemi Kiingereza cha kukutisha. Lakini akikosea, jina lililo kwenye fomu ni lako na sahihi ni yako. Nimewahi kutafsiri mbele ya wakili fomu ambayo mwenyewe hakuwa amewahi kusomewa. Ilisema hana watoto. Anao watatu, wako kwa bibi yao Morogoro, na sasa alitaka kuwaleta. Ile "hana" ya kujaziwa haraka ilimgharimu karibu miaka miwili ya kujieleza.

Nitajuaje kama ruhusa yake ni ya kweli?

Muulize namba yake ya usajili, kisha itafute mwenyewe kwenye tovuti ya Immigration Advice Authority, au kwa wakili kwenye orodha ya Solicitors Regulation Authority. Washauri wana ngazi 3. Wa ngazi ya 1 anashughulika na maombi ya kawaida, wa 2 anaweza kubeba kesi nzito zaidi, ila wa ngazi ya 3 ndiye anayeweza kusimama nawe mahakamani kwenye rufaa. Kama kesi yako ni ya rufaa na mtu wako ni wa ngazi ya 1, mshukuru, omba faili, uende mbele.

Sina pesa. Wakili wa bure yupo?

Yupo, lakini si kwa kila jambo. Serikali hulipia mawakili wa watu wenye kipato kidogo, na zamani hilo liligusa karibu mambo yote ya uhamiaji. Aprili 2013 likapunguzwa sana. Yaliyobaki England na Wales ni kesi za kuomba hifadhi, dhamana ya walioshikiliwa na uhamiaji, wahanga wa biashara ya binadamu, wanaokimbia ukatili wa ndoa, na mapitio ya mahakama. Watoto walio peke yao bila mzazi walirudishiwa haki hiyo mwaka 2019.

Kesi za maisha ya familia, kama baba asiye na makaratasi mwenye watoto waliozaliwa hapa, zilitolewa. Ila kuna mlango wa pembeni ambao watu hawauulizii: ufadhili wa kesi za kipekee. Wakili anaiandikia mamlaka ya msaada wa kisheria kuonyesha kwamba bila msaada haki zako za kibinadamu zitavunjwa. Hata wewe mwenyewe unaweza kuuomba. Ukiambiwa "kesi yako haina msaada wa serikali", uliza palepale: "Na ufadhili wa kesi za kipekee, tumejaribu?"

Scotland haikukata msaada huu kama England ilivyokata, kwa hiyo aliye Glasgow asikubali jibu la aliye London.

Nimepiga simu ofisi nne, zote zimejaa.

Piga ofisi kumi na tano. Sisemi kwa dharau, hali ndivyo ilivyo. Kuna maeneo makubwa ya nchi hii ambayo hayana hata ofisi moja inayopokea kesi mpya za hifadhi. Usijifunge na mji wako, wakili wa Birmingham anaweza kukusimamia kwa simu ukiwa Hull. Jaribu pia vituo vya sheria vya jamii vinavyoitwa Law Centres, Citizens Advice, na kama umeomba hifadhi, Migrant Help na Refugee Council. Kila ukipiga, andika tarehe na jina la ofisi kwenye daftari. Siku ukihitaji kumwambia hakimu kwa nini ulichelewa, daftari hilo litakusemea.

Ada ya maombi yenyewe inanishinda, ukichanganya na ile ya afya.

Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na hulipwa yote kwa mkupuo. Familia ya watu wanne haiwezi kwa mshahara wa kubeba maboksi. Kwa maombi ya familia na haki za binadamu unaweza kuomba usamehewe ada, ukionyesha kwamba huwezi kulipa, au ukilipa watoto watakosa mahitaji. Utaombwa taarifa za benki, kodi ya nyumba na maelezo ya kila pesa iliyoingia. Ile pauni 50 aliyokutumia shemeji lazima uiandikie sentensi. Omba kabla viza haijaisha, na jibu likija peleka ombi lenyewe upesi: una siku 10 za kazi.

Viza inaisha wiki ijayo na sijapata wakili.

Ombi likiingia kabla ya tarehe ya mwisho, viza yako ya sasa huendelea kuwa hai, na masharti yake, mpaka uamuzi utoke. Hii ni kifungu cha 3C cha sheria ya 1971, na ni cha thamani kubwa: kazi inabaki, nyumba inabaki. Likiingia siku moja baadaye, huna kitu. Kuna nafasi ya siku 14 kwa mwenye sababu nzito iliyo nje ya uwezo wake, kama kulazwa hospitali, lakini usiipangie safari.

Nimekataliwa. Nina siku ngapi?

Kwanza angalia barua inasema una nini, maana si kila kukataliwa kuna rufaa. Sheria ya 2014 iliziondoa nyingi. Leo rufaa iko hasa kwa aliyekataliwa hifadhi, aliyekataliwa dai la haki za binadamu kama maisha ya familia, na wa mpango wa raia wa Ulaya. Ukiwa ndani ya Uingereza una siku 14 tangu barua ilipotumwa. Siku za kalenda, Jumapili na Idi zimo. Ukiwa nje, siku 28 tangu uipokee. Rufaa huenda mahakama ya kwanza ya uhamiaji, First-tier Tribunal. Ada yake ni pauni 80 kwa kusomwa karatasi tu, au 140 ukitaka kusikilizwa. Ambaye wakili wake analipwa na serikali halipi. Kama kuna namna yoyote, taka kusikilizwa. Hakimu anayekuona ukijibu maswali anapata kitu ambacho karatasi haimpi.

Wanafunzi na wenye viza za kazi kwa kawaida hawana rufaa, wana mapitio ya kiutawala: afisa mwingine wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani inayoamua maombi, anaangalia kama mwenzake alikosea. Ni siku 14 ukiwa ndani, 7 ukiwa umeshikiliwa, 28 ukiwa nje, na ada ni pauni 80.

Kama barua haina hata kimoja, inabaki mapitio ya mahakama. Hapo hakimu haangalii kama unastahili viza, anaangalia kama uamuzi ulifuata sheria. Mwisho ni miezi 3, lakini sheria inataka ufanye hima, na bila wakili sikushauri hata kuanza.

Kitu kimoja kuhusu barua: ukihama nyumba, wajulishe Home Office na wakili siku hiyohiyo. Nimeona bahasha iliyolala kwenye ngazi za nyumba ya zamani mwezi mzima, rufaa imo ndani.

Mama kanyimwa viza ya kuja kumwona mjukuu. Nimkatie rufaa?

Viza ya kutembea haina rufaa ya kawaida. Mara nyingi jibu ni kuomba upya, lakini si kwa karatasi zilezile. Soma sababu moja baada ya nyingine. Wanachokitilia shaka karibu kila mara ni kama atarudi, na pesa zilizotokea benki ghafla. Shilingi milioni sita zikiingia akaunti ya mama Alhamisi na ombi likaenda Jumatatu, afisa atauliza zimetoka wapi. Kama ni za mauzo ya viazi, weka risiti za soko. Kama ni za kwako, sema ni zako na uonyeshe mshahara wako.

Kamwe usinunue taarifa ya benki. Udanganyifu kwenye ombi huleta kufungiwa miaka 10, na atakayefungiwa ni mama, siyo aliyekuuzia.

Kwenye usaili wa hifadhi niombe Kiswahili, au nijitahidi kwa Kiingereza?

Omba lugha unayoota nayo. Na useme ni Kiswahili cha wapi. Fomu itaandika "Kiswahili" tu, kana kwamba ni kimoja. Mkongo atakutajia tarehe na mwaka kwa Kifaransa katikati ya sentensi, na mkalimani wa Unguja akabaki anakisia. Mbajuni wa visiwani ana maneno ambayo mtu wa Dodoma hajawahi kuyasikia. Kwa Wabajuni hili ni kesi yenyewe: tangu miaka ya 2000 mahakama za uhamiaji za hapa zimepima kama mtu ni wa visiwa vya Somalia au wa pwani ya Kenya kwa kuangalia anavyoongea. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza kesi ya watu wawili waliosema wametoka Somalia, huku ripoti za uchambuzi wa lugha zikisema usemi wao ni wa Kenya. Mahakama ikasema ripoti za namna hiyo zinaweza kupewa uzito, lakini mchambuzi abaki kwenye lugha, asiamue nani anasema kweli.

Halafu kuna saa. Hili nalirudia mpaka watu wananichoka. Mama mmoja alisema askari walikuja "saa nane za usiku". Mkalimani wa siku ile akatafsiri namba kama ilivyo, nane, na kwa Mwingereza nane ya usiku ni saa mbili zetu, watu bado wanakula. Kwenye maelezo yake ya maandishi, yaliyofanywa na mtu mwingine, ilikuwa saa nane halisi, usiku wa manane. Barua ya kukataliwa ikaja na aya nzima: umebadilisha maelezo, hapa unasema walikuja jioni majirani wakiwa nje, hapa unasema kila mtu alikuwa amelala, kwa hiyo hatukuamini. Mama aliishika ile barua akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimebadilisha nini?" Hakuwa amebadilisha kitu.

Na ndugu vilevile. Baba mdogo wako akiandikwa "baba", halafu mbele ukasema baba alifariki 1996, umeshajipinga. Watoto wa marehemu dada yako ukiwaita wanangu, nao ni wanao kwa haki yote, fomu itataka vyeti vya kuzaliwa vyenye jina lako. Sema: huyu namwita mwanangu, kazaliwa na dada yangu fulani. Na saa useme pamoja na jua: kabla ya alfajiri, baada ya magharibi, watoto wametoka shule.

Una haki ya kuomba mkalimani na msaili wa jinsia unayotaka, kuomba usaili urekodiwe, na kupata nakala. Ukisikia mkalimani anakosea au humwelewi, simamisha hapohapo. Si utovu wa adabu. Baada ya usaili, kaa na wakili upesi mpeleke masahihisho, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi. Na usitie sahihi maelezo yoyote kabla hujasomewa yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili chako.

Zamani nilijilipua, yaani niliomba hifadhi, kwa jina na nchi isiyo yangu. Sasa nina pasipoti ya Uingereza. Nimwambie wakili?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mtu akiwa ameshasimama kuondoka. Ndiyo, mwambie. Unayomwambia wakili wako ni siri inayolindwa na sheria. Mkalimani naye amefungwa na siri hiyo. Ambacho wakili hawezi ni kusema mbele ya hakimu jambo analojua ni la uongo, kwa hiyo akijua mapema anapanga njia ya halali. Akijua mahakamani, atajitoa.

Hatari ni ya kweli. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kuondolewa chini ya sheria ya uraia ya 1981, na hutokea hasa pale mtu anapojaribu kumleta mke au mama kwa jina halisi, karatasi zikagongana. Lakini kuna haki ya rufaa, na miaka uliyoishi, watoto na sababu zilizokusukuma wakati ule vina uzito. Usiiandikie Home Office barua ya kuungama peke yako usiku mmoja kwa sababu roho imekuuma. Nenda kwa wakili kwanza, na awe mzoefu wa kesi za kunyang'anywa uraia.

Mimi ni mwanaume kutoka Kenya. Nasikia kesi zetu ni tofauti?

Kenya imo kwenye orodha ya nchi zinazohesabiwa salama kwa wanaume. Dai lako linaweza kuitwa lisilo na msingi kabisa, na likiitwa hivyo, rufaa hakuna. Haina maana kwamba haliwezekani. Ina maana kwamba ushahidi wote uingie mwanzoni, na wakili awepo kabla ya usaili, siyo baada ya barua.

Mume ndiye aliyenileta. Ananipiga, na anasema nikiondoka nitarudishwa.

Hilo analosema ndilo kamba aliyokufungia. Aliyekuja kwa viza ya mwenza na ndoa ikavunjika kwa ukatili anaweza kuomba ruhusa ya kukaa ya kudumu, kwa jina lake mwenyewe. Kabla ya hapo anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 inayomfungulia msaada wa serikali, ili apate pa kulala wakati ombi linaandaliwa. Wakili wa bure upo kwa hili. Ukatili si kipigo tu: kufungiwa, kunyimwa pesa na kufichiwa pasipoti vimo. Usisubiri hadi uipate pasipoti. Maisha yako yakiwa hatarini sasa hivi, piga 999.

Wakili wangu hapokei simu, na tarehe ya rufaa imepita.

Peleka rufaa hata hivyo, leo, na uombe muda uongezwe kwa kueleza kilichotokea. Lalamika kwa maandishi kwa ofisi hiyo, kisha Legal Ombudsman kwa wakili, au Immigration Advice Authority kwa mshauri. Hakimu atauliza kama ulilalamika kabla ya kukubali kwamba kosa si lako. Faili ni lako, liombe. Pia unaweza kuiomba Home Office nakala ya taarifa zako zote, bure.

Naripoti kila wiki mbili. Wanaweza kunikamata palepale?

Wanaweza, na hutokea. Lakini kuacha kuripoti ni kuwapa sababu. Kabla ya kwenda, mwachie mtu mmoja nakala za makaratasi yako na namba ya wakili. Wewe mwenyewe iandike namba hiyo kwenye karatasi, kwa kalamu, kwa sababu ukipelekwa kituo cha kushikiliwa kama Harmondsworth au Yarl's Wood simu yenye kamera inachukuliwa na unapewa ile ya vitufe. Watu wanajikuta hawakumbuki namba hata moja.

Ukishafika, siku hiyohiyo jiandikishe kwa ushauri wa wakili wa zamu. Dakika 30 ni bure kwa kila mtu, kipato hakiulizwi. Omba dhamana. Kuna shirika la Bail for Immigration Detainees linalosaidia kuiomba. Kama uliwahi kuteswa, mwambie daktari wa kituo aandike ripoti, na utumie neno hilo, kuteswa. Watu wetu husema "nilipata matatizo kidogo", na hayo kidogo ndiyo yanayoandikwa.

Nimepewa barua ya kuondoshwa nchini.

Sheria inataka upewe angalau siku 5 za kazi kabla ya kuondoshwa. Siku hizo ni za kumfikia wakili, kwa hiyo mpigie saa hiyohiyo, siyo baada ya ibada ya Ijumaa au Jumapili. Wakili anaangalia kama kuna dai ambalo halijasikilizwa, kama kuna ushahidi mpya unaoweza kuhesabiwa dai jipya, au kama ni la kumwendea jaji asimamishe ndege. Majaji wa dharura wapo hata usiku. Lakini jaji huuliza kwa nini mmengoja mpaka leo. Aliyefungwa jela miezi 12 au zaidi yuko kwenye mkondo mwingine, wa kufukuzwa, ambao ni mgumu zaidi. Amwambie wakili hukumu yake mwanzoni kabisa.

Na ule mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda?

Haupo. Mahakama ya Juu iliuona haramu Novemba 2023, na serikali iliyoingia Julai 2024 ikauacha.

Labda nirudi mwenyewe tu?

Ni uamuzi wa heshima kama ni wako. Ujue hesabu yake: aliyezidisha muda akaondoka kwa nauli yake, kwa maombi mengi hufungiwa mwaka 1. Akiondoka kwa nauli ya serikali, miaka 2 au 5 kutegemea na alivyochelewa. Akiondoshwa kwa nguvu, miaka 10. Muulize wakili kabla ya kusaini fomu ya kurudi, kwa sababu fomu hiyo huondoa madai yako yote.

Mbunge anaweza kusaidia?

Anaweza kuiuliza Home Office faili lako limekwama wapi, na hujibiwa. Hawezi kukata rufaa. Mwandikie huku wakili akiendelea na kazi yake.

Siku ya kwanza kwa wakili nibebe nini?

Kila bahasha, hata zile ulizoogopa kuzifungua. Pasipoti zote, na zilizokwisha. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, walio hapa na walio nyumbani. Karatasi moja uliyoandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wako, mambo kwa mfuatano wa miaka. Usikumbuke tarehe kwa nguvu. Andika "mvua za masika, kabla ya uchaguzi" kama ndivyo unavyokumbuka, tutaitafuta pamoja. Na uombe mkalimani wa ofisi, hata kama mtoto wako anajua Kiingereza vizuri. Kuna mambo hutayasema mbele yake, na mara nyingi ndiyo wakili anayoyahitaji.